Meli ya Uganda iliishia wapi?

Tangu niandike kuhusu Kilindini ya zamani katika toleo lililopita, barua za meli zimenijaa mezani. Za mwezi huu nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu meli inayoulizwa naijua kwa macho yangu.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nyumbani kwetu Tanga kuna picha ya babu akiwa ndani ya tishari, na nyuma yake meli kubwa nyeupe, dohani yake nyeusi ina mikanda miwili myeupe. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino: "Uganda, 1958". Baba anasema ilikuwa meli ya watalii. Shangazi anabisha, anasema ilikuwa ya mizigo, na ndiyo maana babu, aliyekuwa kuli, alikuwa pale. Nani yuko sawa? Na meli yenyewe iko wapi leo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako na shangazi yako wote wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake.

Hiyo ni S.S. Uganda ya kampuni ya British India, ambayo watu wa bandarini waliiita BI tu. Mikanda miwili myeupe kwenye dohani nyeusi ndiyo iliyokuwa alama ya kampuni. Ukiiona kutoka mbali ulijua ni nani anaingia kabla hujasoma jina. Ilijengwa Glasgow, Scotland, katika karakana ya Barclay Curle, ikashushwa majini Januari 1952. Pacha wake, Kenya, alikuwa ameshaanza kazi mwaka 1951. Uganda ilikuwa ya tani elfu kumi na nne na ushee, urefu wake umepita mita 160, ikichukua abiria wapatao 300 wa madaraja mawili: la kwanza na lile lililoitwa daraja la watalii. Labda baba yako neno lake kalitoa hapo. Lakini wengi waliolala vyumba vile hawakuwa wakitalii. Walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni wakitoka likizo, wamisionari, wakulima wa Kizungu wa Nyanda za Juu za Kenya, wake na watoto wao. Ilitoka London, ikapita Gibraltar, Port Said, mfereji wa Suez na Aden, halafu Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, mpaka Beira. Chini ya vyumba hivyo vya kulala kulikuwa na ngama, yaani vyumba vya mizigo, na ngama hizo ndizo zilizomleta babu yako. Tanga wakati ule meli kubwa hazikufunga gati. Zilitia nanga ghubani, mizigo ikaenda na kurudi kwa tishari. Kwa hiyo picha yenu ina mtu yuko kazini, na shangazi ana sababu ya kujivuna.

Mimi niliingia Kilindini mwanzoni mwa uhuru, karani wa kuhesabu mizigo. Nilikuwa nasimama ukingoni mwa mlango wa ngama na daftari langu, winchi ya meli inashusha magunia ya kahawa, makuli wa chini wanayapokea kwa kulabu na kuyapanga, jasho linawatiririka, mmoja anaimba wenzake wanaitikia. Vumbi la katani lilikuwa linakaa kooni mpaka jioni. Ukigeuza kichwa, hatua chache tu kutoka hapo, ilianza sitaha ya abiria: mbao za msaji zilizosuguliwa alfajiri hadi zikawa nyeupe kama nazi iliyokunwa, vyuma vya shaba vinang'aa, na watumishi wa Kigoa waliovaa nguo nyeupe zilizonyooshwa wanapita na trei za supu. Saa nne asubuhi, supu! Katika joto la Mombasa! Ndiyo ilikuwa desturi yao, na haikuvunjwa hata siku moja niliyokuwapo. Mtumishi mmoja alinionyesha chumba cha kuvutia sigara abiria walipokuwa wameshuka. Humo mlikuwa na jozi ya pembe za ndovu kubwa ajabu. Nilisimama mlangoni tu, viatu vyangu vilikuwa na vumbi la kahawa.

Meli kama hiyo haikuja ikaondoka siku hiyo hiyo. Kupakia na kupakua kwa winchi na mikono ya watu kulitaka siku kadhaa, na katika siku hizo mji uliishi nayo. Wachongaji wa Kikamba walitandaza vinyago nje ya lango la bandari, madereva wa teksi walijua majina ya wapishi, fundi cherehani wa Barabara ya Kilindini alichukua vipimo vya suti leo akaikabidhi kesho kutwa. Jioni ya kung'oa nanga watu walikwenda kukaa ukingoni pale karibu na mnara wa taa wa Ras Serani, na watoto na karanga zao, kuitazama ikipita mlangoni kuelekea bahari kuu. Hakuna aliyewaita. Ilikuwa matembezi ya jioni, bila kiingilio.

Kilichoiondoa njia ile ni mambo yaliyokuja pamoja. Kuanzia 1960 East African Airways ilikuwa na ndege za jeti aina ya Comet, London na Nairobi zikawa mwendo wa saa chache badala ya majuma matatu. Tanganyika ikapata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, na wale maofisa waliojaza vyumba wakafungasha wakaenda zao. Ilipofika 1967 safari zilikwisha. Kenya, pacha mzuri yule, aliuzwa akaenda kukatwa vyuma chakavu La Spezia, Italia, mwaka 1969. Hakuwa na hata miaka ishirini.

Uganda ilipona, na hapa ndipo maneno ya baba yako yanapopata nguvu kweli kweli. Ilipelekwa Hamburg, ngama zake zikageuzwa mabweni na madarasa, na kuanzia 1968 ikawa meli ya safari za wanafunzi: watoto zaidi ya 900 kwa safari moja, pamoja na abiria wa kawaida waliolipa nauli ya starehe. Ilizunguka bahari ya Mediterania na nchi za kaskazini, watoto wa shule za Uingereza wakisoma jiografia kwa kuiangalia dirishani. Ninapofikiria kwamba walitandika vitanda vyao mahali pale pale nilipohesabia magunia, moyo wangu hufurahi. Sijui meli ingeomba uzee gani mwema kuliko huo.

Aprili 1982 ilikuwa katika safari ya namna hiyo ilipoitwa vitani. Uingereza na Argentina zilikuwa zimeingia vitani kwa ajili ya visiwa vya Falkland, kusini mwa bahari ya Atlantiki. Watoto walishushwa Naples, meli ikakimbizwa Gibraltar, na kwa siku chache tu ikafanywa hospitali: sehemu ya helikopta kutua ikajengwa nyuma, vyumba vya upasuaji ndani, misalaba mikubwa myekundu ubavuni na juu ya dohani. Ile mikanda miwili ikafunikwa. Majeruhi zaidi ya 700 walitibiwa humo, wakiwamo askari wa Argentina wapatao 150, wakilazwa chini ya paa moja na adui zao. Vita vilipokwisha ikarudishwa kwa watoto, lakini si kwa muda mrefu, kwani serikali iliikodi tena kusafirisha askari na mizigo kati ya kisiwa cha Ascension na Falkland hadi 1985.

Mwaka uliofuata iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikapewa jina jingine, Triton, kwa safari moja tu ya kwenda Kaohsiung, Taiwan. Ilifika Julai 1986. Kabla ya nyundo kuigusa sawasawa, mwezi Agosti kimbunga kilichoitwa Wayne kiliikata kamba, kikaisukuma ufukweni, ikalala ubavu. Picha ya gazeti nililetewa na Mgoa mmoja aliyefanya kazi humo, akihamia Uingereza kwa watoto wake. Tulikaa nayo mezani tukainywea chai, yeye akionyesha kwa kidole: hapa jikoni, hapa kwangu.

Kwa hiyo, mwanangu, meli haipo. Itie picha ile kwenye fremu yenye kioo, mbali na dirisha, jua la Tanga halina huruma na picha. Na jina la babu liandikwe nyuma pamoja na la meli.

SWALI: Mzee wangu, nasoma safu yako kila mwezi na naiheshimu. Lakini nyinyi wazee mkianza kusifia meli za zamani mnanichosha kidogo. Hao waliokunywa supu kwenye sitaha hawakuwa sisi. Sisi tulikuwa chini na magunia. Kwani kuna nini cha kutamani? Meli za watalii bado zinakuja Kilindini, kubwa kuliko hizo. – Binti wa Mombasa

JIBU: Umeuliza vizuri, mwanangu, na sitakwepa. Ni kweli, meza zile hazikuwekwa kwa ajili yetu. Sitamani kurudi kwa utaratibu ule, na mtu yeyote aliyebeba gunia la kilo sitini mgongoni hatautamani.

Lakini usidhani kwamba meli zote za wakati huo zilikuwa za Wazungu wa likizo. BI hiyo hiyo ilikuwa na Kampala na Karanja, zilizojengwa Glasgow mwaka 1947 na 1948, zikipiga njia ya Bombay, Ushelisheli, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kushuka hadi Durban. Huko ndiko walikosafiri watu wetu. Mjomba wangu alikwenda Bombay kutibiwa macho kama abiria wa deki, na mkeka wake, kopo la achari, sanduku la mbao, katikati ya Wahindi wenye maduka madogo na maharusi waliokuwa wakiletwa kuolewa. Njia nzima walipikiana. Familia nyingi za Kihindi unazozijua Mombasa zina bibi aliyeshuka ngazi ya mojawapo ya meli hizo. Kampala ilikatwa 1971, Karanja ikauzwa kwa Wahindi 1976, na baada yao njia ya bahari ya mtu wa kawaida kwenda Bombay ikafifia mpaka ikapotea. Hilo nalitamani, na nalisema wazi. Leo mjane wa Mji wa Kale akitaka kumwona dada yake Zanzibar hana meli kama zile ya kumchukua moja kwa moja. Ana basi la usiku na mpaka wa Lungalunga, halafu boti kutoka bara, au ndege asiyoimudu.

Na hizi kubwa za sasa, nazikaribisha, zinaleta riziki. Ila huingia asubuhi, abiria wanapanda magari yaliyokwisha kulipiwa kwenda Tsavo au Fort Jesus, jioni wamerudi, meli imekwenda. Umbo lake nalo ni vyumba juu ya vyumba mpaka juu. Meli ya zamani ilikuwa na mstari unaopanda omo, yaani mbele, ukishuka katikati, ukapanda tena tezi, yaani nyuma, ili maji ya mawimbi yasiifagie. Ulitokana na kazi, na ulikuwa mzuri. Mwambie kaka yako akuchoree yote mawili kwenye karatasi utaona.

SWALI: Assalaamu aleikum. Nipo Muscat, asili yangu Unguja. Je, ipo meli ya zamani ya namna hiyo ambayo bado mtu anaweza kuingia? – Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam. Umo jirani nayo. Queen Elizabeth 2, ilishushwa majini Clydebank, kwenye mto Clyde, ule ule ilikojengwa Uganda, Septemba 1967, na mwaka 1982 nayo ilipeleka askari kwenye vita vya Falkland. Ilistaafu Novemba 2008 ikaenda Dubai, na tangu 2018 ni hoteli pale bandari ya Rashid. Siyo lazima ulale. Ingia, tembea sitaha zake, tazama mbao za ngazi zilivyoshikwa na mikono ya watu wengi.

Na ukija nyumbani kupitia bara, fika Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ukaiulize meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Karakana iliyoiunda bado ipo, na siku hizi ndiyo inayounda hayo maghorofa ya baharini ya watalii. Ila Liemba haikuwa ya starehe kamwe. Ilibeba dagaa, mahindi, wakimbizi na wanaokwenda harusini. Uliza kwanza kama inatembea au iko matengenezoni, kabla hujakata tiketi ya treni.