Usiifute Python ya Ubuntu

Ndugu yangu, nimekuelewa: uko kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04, kila ukiandika pip install (amri ya kuweka vifurushi, yaani nyongeza za lugha ya Python) unakataliwa kwa ujumbe wa "externally-managed-environment", na sasa unataka kuiondoa Python iliyopo uweke mpya. Nakuomba usifanye hivyo. Hiyo Python 3.12 inategemewa na programu nyingi za mfumo wenyewe. Nimemsaidia kijana aliyeiondoa kwa apt, amri ya Ubuntu ya kuweka na kuondoa programu. Alipowasha kompyuta akakuta skrini nyeusi yenye maandishi matupu, kazi zake zote hazifikiki kirahisi.

Ujumbe ule si hitilafu, ni kinga. Mfumo unakukataza kuchanganya vifurushi vyako na vyake. Jitengee sehemu yako, yaani venv, folda ya vifurushi vya mradi wako pekee:

sudo apt update
sudo apt install python3-venv build-essential
python3 -m venv ~/mradi/venv
source ~/mradi/venv/bin/activate

Ukiona neno venv mwanzoni mwa mstari, umeshaingia. Pip itakubali, tena bila sudo (neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Ukifungua dirisha jipya la amri, rudia ile amri ya mwisho inayoanza na source. Wengi husahau hapo wakadhani vifurushi vimepotea.

Build-essential huleta gcc na make, zana za kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake. Kama bando ni dogo, iache kwanza.

Utashauriwa kuongeza --break-system-packages kwenye amri ya pip ili kuipita kinga hiyo. Achana nayo. Kompyuta ikiwa ya ofisi, muone msimamizi wa mifumo kabla ya kugusa sudo.

Na kama umeshaiondoa Python, usizime kompyuta: nakili mafaili yako kwenye flashi, kisha jaribu sudo apt install ubuntu-desktop ukiwa bado na intaneti.