Usilipe kabla hujaisikiliza kwa sauti ya usiku

Ndugu yangu wa Malindi, kama bado hujatuma pesa, usizitume. Umeuliza ni amplifaya ipi ya wati 200 itakayokufaa kwa kusikiliza taarabu usiku bila kuwaamsha watoto, spika zipi ziende nayo, nyaya ziwe za unene gani, na kama ununue pia mashine ya santuri. Umesema vilevile kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa nguvu nyingi ndizo zinazoupa muziki utamu hata ukipigwa chini. Maneno hayo niliambiwa mimi pia, katika duka moja la Mombasa, na mtu niliyemweleza wazi kwamba ninakaa Amu, mtaa wa Mkomani, ambako dirisha langu na la jirani yametenganishwa na kichochoro tu. Nilimwamini, nikalipa, na mzigo ukapanda basi mpaka Mokowe na mashua mpaka nyumbani. Fedha zile hazikurudi, na ndiyo maana siwezi kukuona ukiifuata njia ileile nikanyamaza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na muuzaji alikuwa na wajibu wa kuijua. Spika ambayo karatasi yake inasema desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hutoa kiasi hicho kwa wati moja tu, ukiipima kwa umbali wa mita moja. Ukishuka hadi desibeli 60, ambayo ni sauti ya mazungumzo ya kawaida, spika hiyohiyo inahitaji takriban sehemu moja ya mia tano ya wati. Wati nyingine zote ulizozilipia zitakaa bure kila usiku.

Laiti zingekaa bure tu, lakini zinaleta na udhia. Mashine ya sidii hutoa kama volti 2, ilhali amplifaya nyingi hufikia nguvu zake zote kwa sehemu ndogo ya volti hizo, na kwa hiyo msikilizaji wa usiku hubaki mwanzoni kabisa mwa mzunguko wa kitufe cha volumu. Katika amplifaya nyingi, ndani ya kitufe hicho mna njia mbili za umeme, moja ya spika ya kulia na moja ya kushoto, na hapo mwanzoni ndipo zinapotofautiana zaidi. Kwangu udi ulisikika kulia peke yake, na kushoto kimya. Nikisogeza kidole kiasi cha unywele, upande wa kushoto ulizinduka, lakini wakati huo sauti ilikwisha kuwa kubwa mno kwa nyumba yenye wazee waliolala. Kati ya hali hizo mbili hapakuwa na mahali pa kusimama.

Jambo la pili ndilo lililonichoma zaidi. Muuzaji yule aliisifu amplifaya kwa kutokuwa na vitufe vya besi na trebo, akadai kwamba hiyo ni dalili ya usafi wa sauti. Kwa anayepiga muziki kwa sauti kubwa, dai hilo lina hoja. Kwa anayesikiliza chini, ni kumpotosha, maana sikio la binadamu lenyewe huipoteza besi kwanza. Wanasayansi Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walilichapisha jambo hili tangu 1933. Kwa vipimo vya siku hizi, sauti ya kati ya hezi 1,000 huanza kusikika ikiwa na desibeli 2 hivi, lakini ile nzito ya hezi 50 inahitaji zaidi ya 40. Ukipunguza volumu, ngoma na besi huzama, ala za nyuzi kama kanuni na fidla zikabaki juu zikilia kwa wembamba, na hakuna waya wala wati zitakazorudisha kilichozama.

Kinachorudisha ni kitufe kilichoandikwa LOUDNESS, ambacho huinua besi muziki unapopigwa chini. Yamaha wameweka katika amplifaya zao kadhaa kile cha kuzungusha: unaweka volumu pale unapopenda muziki ukiwa mkubwa, kisha unaishusha sauti kwa kitufe hicho, nao uwiano wa besi na sauti nyingine unabaki. Kama hakipo, basi angalau pawe na vitufe vya besi na trebo.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, nami ninakusihi ulishike: usilipe kabla hujaisikiliza kwa sauti ileile utakayoitumia usiku. Wauzaji hupenda kufungulia mpaka kioo cha kabati kitikisike, kwa kuwa kifaa kinacholia kwa nguvu zaidi huonekana kizuri zaidi hata kama si bora. Mwombe azime feni, afunge mlango, ashushe muziki mpaka muweze kunong'onezana juu yake, kisha sikiliza kama mwimbaji yuko katikati ya spika mbili na kama besi bado inafuatika.

Usidharau amplifaya zilizotumika za miaka ya 1970 na 1980, kwani nyingi zina kitufe cha LOUDNESS. Ukisikia mkwaruzo unapozungusha volumu, aghalabu ni uchafu au kutu ya hewa yetu ya chumvi, na fundi huweza kuusafisha kwa dawa ya kupuliza. Lakini ikiwa imekwisha kusafishwa na upande mmoja bado unabaki bubu sauti ikiwa chini, iache palepale dukani, hata akipunguza bei kwa nusu.