Presha inapimwa kila mwezi, figo je?

SWALI: Mume wangu ana miaka 52 na anameza amlodipini ya miligramu 10, huu mwaka wa nne. Kliniki anapimwa presha, anaandikiwa dawa, basi. Siku hizi miguu inamvimba jioni, majirani wanasema ni figo. Juzi mashine ya kliniki ilisoma 148/92, ya nyumbani 131/82. Tuamini ipi?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Tuanze na miguu. Amlodipini yenyewe huvimbisha vifundo, hasa kwenye dozi hiyo ya 10, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Uvimbe peke yake basi si ushahidi wa figo. Lakini pia figo zake hazijapimwa, na hapo ndipo huduma mnayopata inapopwaya: figo huweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi yake bila maumivu, mkojo ukitoka kama kawaida.

Aombe vipimo viwili, angalau mara moja kwa mwaka. Damu ipimwe kreatinini, taka ambayo figo huichuja, na asiridhike na "iko sawa": namba hiyo hukokotolewa pamoja na umri na jinsia ili kupata kiwango cha uchujaji. Kikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi upimwe uwiano wa albumini (protini inayovuja kutoka kwenye damu) na kreatinini. Ukifika miligramu 30 kwa gramu umevuka kawaida. Urudiwe kabla ya kuhukumu, maana homa, UTI au mazoezi mazito huupandisha. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hakikamati protini ikiwa kidogo.

Protini ikithibitika, daktari huongeza losartani au enalaprili, zinazopunguza kuvuja kwake. Wiki 2 hadi 4 baadaye arudie kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30, kwa kawaida dawa huendelea. Wagonjwa wengi huachishwa hapa bila sababu.

Sasa mashine. Mtu aliyeshuka daladala sasa hivi, anaongea huku mkono unaning'inia, lazima asome juu. Akojoe kwanza, akae dakika 5 ameegemea, asikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi wala si juu ya shati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya kwenda juu. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, msizihesabu namba za siku ya kwanza, zilizobaki mzipigie wastani. Daftari hilo ndilo la kuamini, na aende nalo kliniki.

SWALI: Natumia losartani na dawa ya kukojoza. Mgongo ukiniuma, naruhusiwa diklofenaki?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, wala ibuprofeni. Mojawapo ikikutana na losartani na hiyo ya kukojoza, damu inayofika kwenye chujio za figo hupungua ghafla. Parasetamoli ni afadhali. Ukitapika au kuharisha sana, uliza kliniki siku hiyohiyo kama usimamishe losartani na hiyo ya kukojoza hadi maji yarudi mwilini.