Antena Gani Inafaa kwa Wi-Fi ya Kambini Ukiwa Kwenye Trela?

SWALI

Habari fundi. Mimi na mume wangu tunaishi kwenye trela la safari sehemu kubwa ya mwaka, na kazi yangu naifanya kwa intaneti. Kambi tuliyopo sasa inatoa Wi-Fi kwa wageni, na tutakaa hapa muda mrefu. Nikikaa nje kwenye kiti, simu inaonyesha vijistari viwili. Nikiingia ndani na kufunga mlango, mtandao unapotea kabisa. Ofisi ya kambi, ambako ndiko Wi-Fi inakotokea, iko kama mita 150 kutoka tulipoegesha, na katikati kuna miti na matrela ya watu wengine. Nimeona antena tatu zinauzwa: fimbo fupi ya kuweka juu ya paa iliyoandikwa dBi 15, paneli bapa ya dBi 12, na nyingine yenye busta. Zote zinakuja na kebo ya mita 10. Ninunue ipi?

JIBU

Dada yangu, kati ya hizo tatu ningechukua paneli, ila si kwa kebo hiyo ya mita 10. Na usilipe bado, kwa sababu kuna tatizo moja ambalo hakuna antena inayoweza kulitatua.

Chukua simu yako uende mpaka ofisini, usimame karibu na kifaa kinachorusha Wi-Fi, upime kasi. Rudia jioni, wakati kila mtu amerudi kwenye trela lake na anatazama video. Kasi utakayoipata pale ndiyo kikomo chako. Wageni wote wanagawana laini moja inayoingia ofisini, na antena yako haiwezi kuipanua laini hiyo. Kama jioni unapata megabiti 2 kwa sekunde ukiwa umesimama mlangoni, hata ukisimika mlingoti wa mita kumi utapata hizo hizo 2 au pungufu. Lakini kama pale unapata 30 na kwenye kiti chako unapata 1, basi shida ni mawimbi, na hiyo ina dawa.

Kipimo cha pili kifanyie pale pale ulipoegesha. Achana na vijistari vya simu, maana kila mtengenezaji huvichora anavyotaka. Weka programu ya kupima Wi-Fi inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, kipimo kinachohesabiwa kwa desibeli. Kwenye simu za Android ziko nyingi. Utaona namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwenye -50 hali ni nzuri mno. Kwenye -67 mkutano wa video unaenda bila kukatika. Ikifika -75 kurasa zinafunguka kwa kusuasua, na ikishuka hadi -85 utaona jina la mtandao tu na kuunganishwa itakuwa bahati nasibu. Kumbuka pia kwamba kila desibeli 3 zinazoongezeka ni nguvu mara mbili, na desibeli 10 ni mara kumi. Kwa hiyo kutoka -75 hadi -65 ni mabadiliko makubwa.

Pima ukiwa kwenye kiti chako cha nje, kisha ingia ndani, funga mlango, upime tena. Tofauti ya namba hizo mbili ni kiasi ambacho trela lenyewe linakula, na kwa maelezo yako nina hakika si kidogo. Matrela mengi yamevishwa bati la alumini, na hata yale ya faiba mara nyingi huwa na karatasi ya foili ndani ya kuta ya kuzuia joto. Mawimbi ya Wi-Fi hayapiti kwenye chuma. Yanachungulia madirishani, na kama kioo kimepakwa utando wa kuzuia jua, hata hapo yanapungua.

Tupige hesabu ya hali yako kwa makadirio. Tuseme kifaa cha kambi kinatoa 20 dBm, yaani miliwati 100. Kwenye masafa ya gigahetzi 2.4, mita 150 za hewa tupu peke yake hupunguza desibeli 84 hivi, kwa hiyo mawimbi yanakufikia yakiwa -64. Miti na matrela ya katikati yakila desibeli 12, umebaki na -76; hivyo ndivyo vijistari vyako viwili. Sasa ingia ndani: kuta zikila 15 nyingine uko kwenye -91, ambako mawimbi hayatofautiki sana na kelele za hewani. Ndiyo maana mtandao unapotea.

Sasa weka paneli ya dBi 12 nje, juu kidogo ya paa (dBi ni desibeli ambazo antena inaongeza upande inakoelekezwa). Ile -76 inakuwa -64. Umetoka -91 hadi -64, hatua ya desibeli 27, na angalia zimetoka wapi: 15 umezipata kwa kutoka nje tu, 12 ndizo za antena. Watu wanashindania namba iliyoandikwa kwenye boksi, kumbe zaidi ya nusu ya faida ni ya kuvuka ukuta wa trela. Hata antena ya kawaida kabisa ikikaa nje itaishinda antena kubwa iliyowekwa ndani dirishani.

Sasa nieleze kwa nini siiamini ile fimbo fupi. Antena haitengenezi nguvu. Inachukua nguvu iliyopo na kuielekeza upande fulani, na dBi inakuambia imeielekeza kwa kiasi gani. Antena ya fimbo inarusha na kupokea pande zote za mzunguko, na umbo la mawimbi yake ni kama tairi lililolazwa chini huku fimbo ikisimama katikati. Ukiongeza dBi, tairi hilo linabanwa, linakuwa jembamba na pana zaidi. Ili kulibana hivyo lazima fimbo iwe ndefu, na hapo hakuna ujanja. Kwa gigahetzi 2.4, ambako wimbi moja lina urefu wa sentimita 12.5, fimbo ya sentimita 30 inaweza kukupa dBi 6 au 7. Antena ya dBi 15 ya pande zote huwa ni fimbo inayozidi mita moja. Kwa hiyo fimbo fupi iliyoandikwa 15 imeandikwa uongo, na muuzaji anayeandika uongo kwenye namba hiyo simwamini kwenye mengine.

Na hata ungeipata ya kweli, nisingekushauri uichukue. Mawimbi yake ni membamba mno, nyuzi chache tu kwa kimo. Trela likiinama kidogo, au kifaa cha kambi kikiwa juu ya nguzo ndefu karibu nawe, unarusha chini au juu yake. Kwa anayehama kila baada ya siku mbili na hataki kupanda ngazi kuelekeza kitu, fimbo ya kweli ya dBi 5 hadi 8 ni chaguo la busara. Wewe umetulia sehemu moja na unajua ofisi iko upande gani, kwa hiyo antena ya mwelekeo mmoja ndiyo yako.

Paneli ina faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi. Kambi imejaa ruta: kila trela lina lake, kuna simu zinazogawa mtandao, kuna spika na vichapishi. Kwenye gigahetzi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo wote hao mnabanana hapo. Fimbo inapokea kelele zao zote kwa usawa. Paneli ikielekezwa ofisini inawapunguza walio nyuma na pembeni yako, na katika kambi iliyojaa hilo linaweza kukusaidia kuliko zile desibeli zenyewe.

Ile ya busta, yaani kikuza mawimbi, iache. Antena nzuri inasaidia njia zote mbili, kupokea na kutuma. Busta za bei ya chini mara nyingi zinaongeza nguvu ya kutuma tu, ukawa unapiga kelele bila kusikia unachojibiwa; na zinazoongeza upande wa kupokea zinakuza na kelele pia. Isitoshe kuna sheria. Ulaya, kwenye gigahetzi 2.4, nguvu yote inayotoka pamoja na mchango wa antena haitakiwi kuzidi miliwati 100. Marekani wanaruhusu wati 1 kwenye antena ya dBi 6. Ukichagua nchi sahihi kwenye mipangilio ya kifaa chako na kuingiza dBi ya antena, vifaa vingi vitajipunguza vyenyewe upande wa kutuma, na faida yako ya kupokea itabaki palepale.

Turudi kwenye kebo, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi zinapotelea. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 hula karibu desibeli moja kwa kila mita kwenye masafa haya. Mita 10 ni desibeli 10. Antena yako ya 12 imebaki na 2, sawa na kile kifimbo kinachokuja na ruta ya kawaida. Ipo kebo nene kama LMR-400, inayokula desibeli 2 na kidogo kwa mita hizo hizo 10, lakini ina unene wa milimita 10, ni ngumu kuikunja, na kuipitisha kwenye ukuta wa trela ni adha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usinunue antena ya kuunganisha kwa kebo ya redio, yaani hizo kebo zinazobeba mawimbi kutoka kwenye antena, hata kidogo. Nunua paneli ya nje ambayo redio yake, yaani sehemu inayotuma na kupokea Wi-Fi, imo ndani ya paneli yenyewe, kifaa kile ambacho watoa huduma za intaneti hufunga kwenye kuta za wateja wao. Kati ya redio na antena kunakuwa na sentimita chache tu, hazipotezi kitu. Kinachoshuka ndani ya trela ni kebo ya mtandao ya kawaida, ambayo inaweza kufika mita 100 bila wasiwasi, na umeme unapanda kwenye kebo hiyo hiyo. Angalia kifaa kinataka volti ngapi: vingine 24, vingine 48. Kama unatumia betri ya volti 12 utahitaji kigeuzi cha kupandisha volti. Chagua chenye antena mbili ndani, moja ya wima na moja ya mlalo, ili kipokee mikondo miwili ya data kwa pamoja. Antena moja ya kuunganisha kwa waya inakunyima mkondo wa pili.

Kuhusu gigahetzi 5, masafa mengine ya Wi-Fi: ni pana na msongamano wake ni mdogo, lakini kwa umbali huo huo hupoteza desibeli 7 hivi zaidi, na majani huila vibaya. Kama una njia wazi ya kuiona ofisi kwa macho, itafute. Kama katikati kuna miti, baki kwenye 2.4.

Ndani ya trela utaweka ruta ya pili, ndogo, iliyounganishwa na ile paneli kwa waya. Paneli inajiunga na Wi-Fi ya kambi kama mgeni mmoja, na ruta inakutolea mtandao wenu wenyewe, wenye jina na nywila yenu. Zile kuta za alumini zilizokuwa zinakuudhi sasa zinawazuia majirani wasiingilie mtandao wenu. Ukurasa wa kuingia wa kambi utakutokea mara moja kwenye simu yako, ukishaingia vifaa vyote vinapita. Uliza ofisini kwanza kama wanaruhusu, kwani kambi nyingine zina kikomo cha vifaa kwa kila mgeni. Na kuna kitu kimoja kinachowasumbua wengi: kama kambi inatumia anwani za mtandao (IP) zinazoanza na 192.168.1 na ruta yako nayo inatumia hizo hizo, hakuna kitakachofanya kazi na utadhani antena ni mbovu. Badilisha ya kwako iwe 192.168.50.

Wakati wa kufunga, pandisha paneli juu ya paa kuliko kuibana kwenye ukuta. Mawimbi hayasafiri kwenye mstari mwembamba. Kwa mita 150 yanahitaji uwazi wa mita 2 hivi kuuzunguka mstari huo katikati ya njia. Mlingoti uliofungwa kwenye ngazi ya nyuma unatosha, bila kutoboa paa. Elekeza ofisini, kisha geuza nyuzi chache, subiri sekunde kumi, soma dBm, geuza tena. Usifanye haraka, kwa sababu namba huchelewa kufuata mkono wako. Ukipata kilele, kaza. Kebo iache ining'inie kidogo chini ya tundu inapoingilia, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuifuata ndani. Baada ya mvua utaona namba imeshuka kidogo kwa sababu ya majani yaliyolowa. Usianze kuelekeza upya, subiri yakauke. Na kabla ya kuondoka kambini, mlingoti ushushwe kwanza ndipo trela lifungwe kwenye gari.

Kama kile kipimo cha mlangoni kwa ofisi kitakuonyesha kasi mbovu jioni, basi bajeti yote ielekeze kwenye ruta ya laini ya simu na antena yake ya nje. Hapo usije ukaitumia hii paneli: mitandao mingi ya simu hutumia pia masafa ya chini, kuanzia megahetzi 600 au 700, na paneli iliyotengenezwa kwa gigahetzi 2.4 haiyapokei. Pima kwanza, kisha niandikie namba ulizopata nje, ndani na ofisini.