Roketi yetu ikizungushwa kwa uzi inatanguliza mkia: tuirushe hivyohivyo?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Ninafundisha fizikia sekondari, Wilaya ya Chamwino. Klabu yetu ya sayansi ilipewa seti ya kuunganisha roketi ndogo pamoja na injini za A8-3 na C6-5, zilizoingizwa nchini kwa kibali. Mapezi ya balsa, ule mbao mwepesi sana, yalifika yamevunjika, wanafunzi wakachonga mengine ya plaiwudi ya milimita 3 kwa umbo lilelile. Roketi ina urefu wa sentimita 40 na kipenyo cha sentimita 2.5. Bila injini ina gramu 45, na ukiilaza juu ya ukingo wa rula inatulia kwenye sentimita 22 kutoka ncha ya pua. Kivuli chake, yaani umbo lake la ubavuni, tulichokata kwenye kadibodi kinatulia kwenye sentimita 27.5. Tulipoweka C6-5, tukaifunga uzi na kuizungusha hewani, mkia ukatangulia. Je, nguvu ya injini haitainyoosha? Tuirushe wapi na saa ngapi kwa upepo huu wa Dodoma? Vijana pia wanauliza kama maganda ya injini zilizotumika yanaweza kujazwa unga wa viberiti.

JIBU: Mwalimu, msiirushe. Nguvu ya injini haitainyoosha; itaipindua kwa kasi zaidi, na roketi iliyopinduka huku injini inawaka haichagui pa kwenda. Nimefurahi sana kwamba mliizungusha kwa uzi kabla ya kwenda uwanjani, maana vipimo mlivyoniandikia vinatosha kuonyesha tatizo liko wapi.

Roketi angani huzunguka kwenye kitovu chake cha uzito. Hewa nayo huisukuma kwenye sehemu yake nyingine, ambayo kadibodi yenu imeionyesha. Kitovu cha uzito kikiwa mbele na cha hewa nyuma, kila inapoyumba hewa huurudisha mkia mahali pake. Ni kama mshale: chuma mbele, manyoya nyuma. Desturi ya warushaji ni kwamba kitovu cha uzito kitangulie kile cha hewa kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha roketi. Kwenu ni sentimita 2.5.

Sasa tupige hesabu. Injini ya C6-5 ina gramu kama 24 na urefu wa sentimita 7, kwa hiyo katikati yake ipo sentimita 36.5 kutoka nchani. Gramu 45 mara 22 ni 990. Gramu 24 mara 36.5 ni 876. Jumla ni 1,866. Gawanya kwa gramu 69 mnapata sentimita 27. Kitovu cha hewa kiko 27.5. Mna nusu sentimita tu. Hata kwa A8-3, yenye gramu kama 16, mnapata sentimita 25.8, yaani nafasi ya sentimita 1.7, bado haitoshi.

Chanzo ni plaiwudi. Umbo la mapezi halikubadilika, hivyo kitovu cha hewa hakikuhama. Kilichohama ni kitovu cha uzito, kikavutwa nyuma. Ninawaelewa vijana, plaiwudi inapatikana na balsa haipatikani. Ila gramu chache mkiani zina madhara makubwa kuliko zinavyoonekana mkononi.

Msiyabandue mapezi, mtachana bomba. Ongezeni uzito puani. Tuseme mnauweka ndani ya pua, sentimita 4 kutoka nchani, na mnataka kitovu cha uzito kifike sentimita 25 mkiwa na C6-5. Hesabu inatoa gramu 6.7, wekeni 7. Tumieni plastisini wanayochezea watoto. Udongo wa mfinyanzi hukauka, husinyaa na kuchomoka, na nati au vipande vya chuma sivitaki kabisa kwenye kitu kitakachoshuka juu ya vichwa vya watu. Mkishaujaza, uzibeni kwa gundi ya epoksi usije ukasogea. Roketi itakuwa na gramu 76 ikiwa na C6-5 na gramu 68 ikiwa na A8-3. Injini hizo zinaruhusiwa kunyanyua hadi gramu 113 na gramu 85, kwa hiyo bado mpo ndani.

Kisha rudieni kuizungusha, injini ikiwa ndani, na mwavuli wa kuishushia (parachuti) ukiwa umekunjwa mahali pake. Pimeni kila mara kwa injini nzito kuliko zote mtakazotumia. Baruti inapoungua mkia hupungua uzito na roketi hutulia zaidi, hivyo hatari kubwa ipo pale inapoiacha fimbo ya kurushia, ile inayoiongoza inapoanza kupaa. Msizidishe plastisini pia mkidhani mnajiongezea usalama: roketi iliyotulia kupita kiasi hugeukia haraka kule upepo unakotoka na kupaa kwa kulala. Njia ya kadibodi yenyewe ina tahadhari ndani yake, huweka kitovu cha hewa mbele kuliko kilipo hasa roketi inaporuka wima. Kwa kidato cha tano na sita, wapeni hesabu za James Barrowman, mhandisi wa NASA aliyezitoa miaka ya 1960. Ni jometri na kujumlisha tu, na mwanafunzi ataona pezi linafanya nini.

Kuhusu injini: anzeni na A8-3. Herufi inaeleza jumla ya msukumo: A inaishia newton-sekunde 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa newton, ya pili ni sekunde za kungoja tangu baruti kuu iishe hadi mlipuko mdogo unaofungua mwavuli. Kwa roketi yenu A8-3 itafika karibu mita 50. C6-5 inaweza kuvuka mita 200. Mkiletewa injini yenye sifuri mwishoni, kama C6-0, iwekeni kando. Hiyo ni ya hatua ya chini ya roketi ya hatua mbili, haifungui mwavuli.

Hapo ndipo upepo wa Dodoma unapoingia. Tuchukulie mwavuli unashuka mita 4 kwa sekunde na upepo unakwenda mita 6 kwa sekunde. Kutoka mita 50 roketi itapeperushwa mita 75. Kutoka mita 200 itakuwa hewani sekunde 50 na kuangukia mita 300 mbali, kwenye mbuyu au shamba la zabibu la mtu. Chama cha roketi cha Marekani, NAR, kinataka upande mfupi wa uwanja usipungue mita 30 kwa A, mita 60 kwa B na mita 120 kwa C. Uwanja wa mpira wa shule unaifaa A, B kwa shida, C hapana. Tafuteni eneo wazi lililo mbali na njia ya ndege. Mwambieni mtendaji wa kijiji na polisi mapema, na ulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu eneo lenyewe. Rusheni kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mwavuli mkiutoboa tundu katikati, au mkiweka utepe badala yake, hautachukuliwa mbali.

Nyasi za kiangazi zinanitia wasiwasi kuliko roketi yenyewe. Fyekeni na kufagia kuzunguka fimbo hadi ibaki ardhi tupu, wekeni bati la kukinga moto chini, na maji na mchanga viwepo karibu. Kati ya injini na mwavuli tumieni karatasi kinga iliyokuja na seti. Karatasi ya chooni ni marufuku, hutoka ikiwa na cheche na kuangukia majani makavu. Kinga ikiisha, majani mabichi ya saladi au kabichi yanafaa.

Injini mmezihifadhi wapi? Kama ni stoo ya bati, zitoeni leo. Mchana bati linaoka, na usiku wa Juni na Julai Dodoma kuna baridi. Joto likipanda na kushuka hivyo, baruti inaweza kupata nyufa au kuachana na ganda lake, na injini ya namna hiyo hupasuka inapowashwa. Chumba chenye ubaridi usiobadilika, pakavu, chenye kufuli.

Kuwasha ni kwa umeme tu. Betri ya pikipiki ya volti 12 inafaa, waya usipungue mita 5, na ufunguo wa saketi ukae mfukoni mwa anayeshughulika kwenye fimbo. Isipowaka, chomoeni ufunguo na mngoje dakika nzima kabla ya mtu yeyote kusogea.

Maganda yaliyotumika yatupwe. Unga wa viberiti hauwaki kwa mwendo unaotabirika, unaweza kulipuka kwa msuguano wa kuushindilia tu, na atakayeushindilia ni mtoto wa watu, uso wake ukiwa juu ya bomba. Vijana wakitaka kuendelea injini zikiisha, chukueni chupa ya soda ya lita moja na nusu, maji theluthi moja, kizibo cha mpira chenye sindano ya kujazia mpira wa miguu, na pampu ya baiskeli yenye mpira mrefu ili anayepampu asimame mbali. Mapezi ya kadibodi nyuma, plastisini mbele. Ipimeni kwa uzi ikiwa tupu, kwa sababu maji yakishatoka safari nzima iliyobaki inategemea uzito wa puani.