Muulize Mwalimu: Mawingu ya sayari ya mbali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba wanasayansi wamegundua bahari na mawingu kwenye sayari iitwayo TRAPPIST-1e, na picha yake ikawekwa. Mwanangu wa kidato cha pili anabisha, ati ni kompyuta tu. Nani kati yetu anasema kweli?
Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Kijana kashinda, ila hiyo "tu" aifute.

Sayari hiyo iko umbali wa miaka 40 hivi ya nuru. Darubini haioni sura yake. Huona nyota yake ikififia kidogo kila sayari inapokatiza mbele. Kwa njia hiyo tunajua upana wake, asilimia 92 ya Dunia, na mwaka wake, siku sita na ushei. Bahari na mawingu vimetoka kwenye hesabu.

Programu huikata hewa ya sayari katika visanduku vyenye upana wa mamia ya kilomita. Katika kila kimoja hukokotoa joto, upepo na unyevu, husogeza saa dakika chache mbele, hukokotoa tena, hivyohivyo mpaka hali itulie. Nyingine ni programu zilezile za hapa kwetu: mwaka 2017 watafiti waliichukua ya utabiri wa hali ya hewa ya Uingereza, wakaibadilishia nyota, mvutano na urefu wa siku, wakaitumia kwa sayari ya Proxima b.

Urefu wa siku ndio penye utamu. Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake huenda imeielekezea uso mmoja daima, upande huu mchana usiokucha wala kuchwa, upande ule giza. Utadhani penye mchana panaungua. Kumbe, kama maji yapo, hewa yenye mvuke hupanda pale nyota ilipo utosini, mawingu mazito yanajikusanya na kurudisha mwanga mwingi angani, na upepo hupeleka joto gizani. Lakini angahewa ikiwa nyembamba mno, hewa yenyewe yaweza kuganda huko gizani, na habari ya maisha ikaishia hapo.

Ninachowaheshimia watu hawa ni kupimana. Matokeo ya modeli nne, yaani programu za aina hii, zilizopewa TRAPPIST-1e ileile, zikidhaniwa hewa zilezile, yalichapishwa mwaka 2022. Kwenye hewa kavu zilikaribiana. Yalipoingia maji, mawingu yakazigombanisha: wingu ni dogo kuliko kisanduku, kwa hiyo kila modeli hulikadiria kwa kanuni zake. (Watabiri wetu wa mvua wanaijua shida hiyo.)

Darubini ya James Webb bado inatafuta kama sayari hiyo ina hewa yoyote. Ile picha uliyoiona ilichorwa na msanii.