Ulaya ilifufuka au iliamka?

Swali: Namsaidia binti yangu kusoma historia ya Ulaya ya karne ya 12. Kitabu kimoja kinasema "ufufuko wa elimu", kingine "mwamko wa elimu". Kipi ni Kiswahili sawasawa?

Jibu: Yote mawili ni Kiswahili, ila hayasemi jambo moja. Kinachofufuka kilikuwa kimekufa, ndiyo maana Wakristo husema ufufuko wa Yesu, na kiwanda kilichofungwa miaka mingi tunasema kimefufuliwa. Anayeamka alikuwa amelala tu.

Kwa biashara, sina shida na kufufuka. Miji mingi ya Ulaya Magharibi ilisinyaa baada ya dola ya Warumi kuanguka, kisha ikajaa watu tena. Kwenye magulio ya Champagne, Ufaransa, kama lile la Troyes, wafanyabiashara wa Italia walikutana na wauza vitambaa wa Flanders, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Ubelgiji. Biashara ilifufuka, neno limekaa mahali pake.

Kwenye elimu ndipo pa kuangalia sana. Mwitalia Gerard wa Cremona aliitaka Almagest, kitabu cha elimu ya nyota alichokiandika Ptolemy zamani kwa Kigiriki, asiipate kwa Kilatini. Akaenda Toledo, Hispania, akajifunza Kiarabu, akaifasiri hukohuko. Sasa kilichokufa hapo ni kipi? Kitabu kilikuwa kikisomwa na kufafanuliwa kwa Kiarabu kwa karne kadhaa. Tukisema elimu ilifufuka tunawazika wanazuoni wa Baghdad na Cordoba wangali hai, na hilo linaniuma. Aliyekuwa usingizini ni Ulaya. Kwa hiyo mwamko.

Ila "mwamko wa elimu" leo tunautumia kwa wazazi wenye ari ya kupeleka watoto shule. Binti aandike "mwamko wa kitaaluma wa Ulaya", msomaji asichanganyikiwe. Uamsho auache: umetokana na kuamsha, lazima awepo mwamshaji, na makanisa yameshauzoea kwa mikutano yao ya injili.

Tena mwonyeshe neno sifuri, nalo lilifika Ulaya kwa njia hiyohiyo ya Kiarabu. Sisi tumelipata kwa Waarabu, sifr. Mwanahisabati Fibonacci wa Pisa, Italia, aliyefundishwa tarakimu za Kihindi walizozitumia Waarabu akiwa kijana huko Bejaia, Algeria, aliliandika zephirum katika kitabu chake cha mwaka 1202. Midomoni mwa Waitalia likazidi kufupika, hadi likawa zero.